Stesheni Iliyoanzia Paani

Zama zile zetu, mtoto akishamaliza chai ya asubuhi alitoka nyumbani bila kumwambia mtu anakokwenda, maana mwenyewe hakuwa akijua. Ulifuata tu miguu. Ukisikia sauti za wenzako mtoni, unashuka mtoni; ukiona moshi nyuma ya kilima, unakwenda kuona nani anachoma nini. Mama alikuwa na neno moja la kutuaga: "Kengele ya stesheni ya jioni ikilia, nikute mmeshaosha miguu." Hayo mengine alimwachia Mungu.

Tabia ile haijanitoka. Nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, asubuhi moja nilitoka vivyo hivyo kwenye kambi yetu ya wafanyakazi nje ya Riyadh, begi begani, nikapanda basi la kwenda Jeddah bila kujua nitalala wapi. Nilijua tu kwamba dada yangu Wakesho yuko Jeddah, kwamba mkataba wangu umekwisha na baada ya siku chache ningepandishwa ndege kurudishwa Kenya, na kwamba kwa muda wote niliokaa Saudia sikuwa nimeuona uso wake hata mara moja. Nikiondoka bila kumwona, sijui ningemwona lini. Lakini ili mnielewe, lazima nianzie kwenye mchanga.

Sisi tulizaliwa landhini, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa, kila familia na chumba chake na mlango wake wa kijani uliobanduka rangi. Baba alikuwa mtu wa genge, kazi yake kukagua reli na kubadilisha mataruma yaliyooza. Akirudi jioni alinuka lami na jasho, na sisi tulimkimbilia kwa sababu ya harufu hiyo hiyo. Mama alipika mahamri kabla ya alfajiri akayauza kwa abiria wa gari la moshi la asubuhi, akiyainua juu kwenye madirisha kwa sinia, na mayai ya kuchemsha, na chumvi kwenye kikaratasi. Hadi leo nikisikia harufu ya iliki nageuka kutazama kama gari linaingia.

Stesheni yenyewe ilikuwa ndogo, ya mawe yaliyochongwa na mafundi wa Kihindi wakati wa mkoloni. Paa la mabati mekundu lililoteremka chini sana kukinga jua, baraza ndefu, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na milango mitatu ya vyumba vya kungojea: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Siku zetu hakuna aliyeyafuata tena hayo madaraja isipokuwa mbuzi, ambao kwa sababu wanazozijua wenyewe walilala daraja la kwanza tu. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Stesheni masta, mzee mfupi aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, alitoka na kitanzi cha chuma mkononi, na dereva wa treni alikidaka bila kusimama. Siku moja nilimwuliza cha nini. "Reli ni moja, mwanangu," akasema. "Mwenye kitanzi ndiye apite. Mwingine angoje." Niliuliza mengine ishirini siku hiyo, mpaka akanifukuza kwa kofia yake.

Lakini utoto wetu hasa ulikuwa mtoni. Mto wetu ulikuwa na maji wiki chache kwa mwaka. Zilizobaki ulikuwa barabara pana ya mchanga. Ukifukua kidogo unafika mchanga wa unyevu, wa rangi ya kahawia, baridi hata saa sita ya mchana. Hapo ndipo tulipojenga nyumba za mguu. Wa umri wangu mnazijua. Unachimba kidogo, unaingiza mguu hadi kifundoni, mwenzako anaufunika kwa mchanga na kuupigapiga kwa kiganja mpaka ushikane. Kisha unauchomoa mguu polepole, na paa linabaki limesimama lenyewe juu ya uwazi. Mkiwa na haraka, linaanguka.

Mimi nilikuwa na haraka siku zote. Wakesho, aliyenizidi miaka minne, ndiye aliyekuwa fundi. Alipigapiga mchanga kwa subira ya mtu anayekanda unga, huku akinikazia macho. "Usitoe mguu mpaka niseme." Nikitekenywa na sisimizi: "Usitoe." Nikiwa na mkojo: "Mwandoe, nimekwambia usitoe mpaka niseme!" Kisha anashusha sauti: "Haya. Toa." Nyumba za Wakesho hazikuanguka.

Tukishakuwa na mbili, yake na yangu, tulizichimbia njia ya chini. Yeye upande wake, mimi upande wangu, tumelala kifudifudi, mikono imezama hadi mabegani, hatuonani kwa sababu rundo la mchanga liko katikati. Unachimba kwa vidole, kucha zinajaa, unaanza kuamini kwamba umepotea, umepita kando. Halafu ghafla, huko gizani, kidole kinagusa kidole. Tulipiga ukelele kila mara kana kwamba hatukujua nani yuko upande wa pili.

Vijana wa leo ukiwatajia mchanga wanafikiria mahali pa kupigia picha. Mwanangu nilimpeleka mtoni juzi akauliza kama kuna chaja.

Mambo ya landhi yaliisha kama yalivyoishia kwa wengi wetu. Magari yalipungua, genge likavunjwa, baba akaambiwa arudishe ufunguo wa chumba. Shule yangu ilikatika hapo, darasa la saba, na sikurudi. Nilizunguka. Nilibeba mizigo Mariakani, nikavunja mawe Mazeras, nikauza maji kwa madereva wa malori Mtito. Kila mahali nilikaa mpaka nilipojua kazi inafanywaje, kisha hamu ikanitoka. Nikiwa Mtito nilipigiwa simu na mama kwamba Wakesho amepata kazi ya nyumba Saudia na ameondoka jana yake. Nilikuwa mbali na nyumbani mwendo wa nusu siku tu. Hatukuagana.

Baadaye, mawakala walipokuja kutafuta wanaume wa kazi za mjengo Riyadh, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wenzangu walikuwa wakifuata pesa, na mimi nilizitaka pia, sitaki kujifanya malaika. Lakini kichwani mwangu Riyadh ilikuwa kama mji wetu wa stesheni: ukitoka nje utakutana na watu wako.

Basi lilitutoa kambini kabla ya jua na kuturudisha jua likizama. Kati ya hapo tulikuwa ndani ya uzio wa mabati, tukijenga stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Wakesho alikuwa Al-Malqa, upande wa kaskazini, katika nyumba yenye geti refu kuliko stesheni masta wetu akiwa juu ya ngazi. Simu yake aliipata usiku, kazi ikibaki ya pasi tu, nami saa hizo nimelala. Kwa hiyo tuliachiana ujumbe wa sauti, wake nausikiliza alfajiri ndani ya basi, wangu anausikiliza akipiga pasi. Mji mmoja, na tulisikilizana kama watu wa nchi mbili. Kambini hakuna aliyeniita Mwandoe. Niliitwa "Kenya". "Kenya, njoo. Kenya, shika hapa. Yalla, Kenya!" Siku nyingine nilijisemea jina langu chini kwa chini nikioga, nisije nikalisahau.

Kilichoniokoa ni ile stesheni yenyewe. Sikuwahi kufikiria kwamba kitu kama kile kinajengwa hivyo. Nilidhani watachimba shimo kubwa, wajenge nyumba ndani, kisha wafukie. Sivyo. Kwanza ilikuja mashine yenye taya mbili ndefu, ikatafuna ufa mwembamba ardhini, mwembamba kama ukumbi wa nyumba ya Kiswahili lakini wenye kina cha ghorofa kadhaa. Ufa ulijazwa maji mazito ya udongo, kama uji, ili kingo zisibomoke. Kisha kreni ikashusha ngome ya nondo ndani ya ule uji, na zege ikamiminwa kwa bomba kutoka chini kabisa. Zege inapanda, uji unasukumwa nje juu. Ukuta ukawa umesimama ardhini kabla mtu hajauona. Tulizunguka mahali pote pa stesheni kwa namna hiyo, kisha tukasimamisha na nguzo katikati kwa njia hiyo hiyo.

Halafu tukaambiwa tusawazishe ardhi katikati na kufunga nondo. Nikamwuliza Anwar, Mpakistani tuliyelala naye, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, hii ni sakafu ya wapi? Akacheka. "Hii si sakafu, Kenya. Hii paa."

Nilisimama na koleo mkononi kama mjinga. Paa lilimwagwa juu ya udongo wenyewe, udongo ukiwa ndio unaolishikilia. Likaachwa likauke. Msimamizi alikuwa mkali kuhusu hilo kuliko jambo lolote: hakuna kuchimba chini mpaka aseme. Aliposema, tukaingia kwa matundu yaliyoachwa, tukaanza kuutoa udongo na mwamba chini ya paa, polepole, ngazi kwa ngazi: kwanza ukumbi wa tiketi, chini yake jukwaa la treni. Juu yetu barabara ilirudishwa na magari yakawa yanapita, watu hawana habari.

Nilimtumia Wakesho ujumbe siku ile, mrefu, napiga kelele ndani ya basi mpaka wenzangu wakanitupia viatu. "Dada, ni nyumba ya mguu! Wanajenga nyumba ya mguu, lakini treni nzima itaingia!"

Alfajiri ya pili nikapata jibu lake. Alicheka kwanza, kicheko kile chenye kukohoa mwishoni. Kisha akasema, "Waambie wasitoe mguu mpaka niseme."

Kutoka hapo stesheni ikawa yetu wawili. Nilimweleza kila kitu: tundu kubwa lililoachwa juu ili mwanga wa jua ushuke hadi chini, ngazi pana kama za msikiti mkuu, mashimo ya kuvuta hewa, na ubaridi wa mwamba wa Riyadh ukiwa umeuchimba kina cha kutosha, ubaridi ule ule wa mchanga wa mtoni. Naye akagundua kwamba gari jeupe la nyumba yao, likipeleka watoto shule, linapita kando ya uzio wetu. Dereva wao alikuwa Mkenya, Musyoka wa Makindu, mtu wa mzaha. Wakesho huketi nyuma na watoto. Tukapanga: asubuhi nisimame penye lango la malori, nitampungia, atanipungia.

Nilisimama. Gari jeupe likapita, na hapo ndipo nilipogundua kosa letu. Magari meupe yalikuwa mengi kama mbuzi wa landhi. Na sisi langoni tulikuwa watu thelathini, wote kofia ngumu ya njano, kizibao cha rangi ya machungwa, kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi. Nilipungia kila gari jeupe lililopita mpaka msimamizi akaniuliza kama nimekuwa trafiki.

Jioni Anwar akarudi chumbani anatembea kama bwana harusi. "Kenya! Leo mwanamke ndani ya gari kanipungia mimi. Mimi! Kwa mikono miwili!"

"Alivaa nini?"

"Baibui jeusi, kama wote. Lakini alikuwa analia na kucheka pamoja. Wallahi amenipenda."

Anwar alikuwa mnene, na ndevu zake zilichungulia chini ya kitambaa. Nilimwachia furaha yake. Kwenye simu Wakesho alikuwa anasema, "Nimekuona mdogo wangu, umenenepa, na hizo ndevu zimekupendeza." Naye pia nikamwachia yake. Tulifanya hivyo mara nyingi. Sijui alimpungia nani na nani.

Siku mashine ya kuchimba njia ya treni ilipotoboa ukuta wetu na kuingia stesheni, tulikusanywa chini kutazama. Kwanza ukuta ulitetemeka. Kisha vumbi, kisha ufa wa duara, kisha zege ikaanguka vipande na uso wa chuma ukatokeza, unazunguka taratibu. Waliokuwa upande wa pili walitokea kwa kimlango kidogo, nyuso nyeupe kwa vumbi. Watu walipiga makofi, wakakumbatiana, lugha kumi kwa mpigo. Mimi nilikaa juu ya mfuko wa saruji na kutazama viganja vyangu. Nilitamani kupiga ukelele, lakini aliyejua kwa nini ningepiga hakuwepo.

Muda si mrefu baba wa ile nyumba akahamishiwa kazi Jeddah, na familia nzima ikaenda, na Wakesho na Musyoka nyuma yao. Kisha kazi ya kuchimba ikaisha. Waliobaki walikuwa mafundi wa marumaru na umeme. Sisi wa koleo tuliitwa ofisini: halas, mkataba umekwisha, ndege yenu wiki ijayo. Stesheni niliyoijua kila kona sikuwahi kuiona ikiwa na taa zake.

Ndiyo asubuhi ile nikatoka bila mpango. Ndani ya basi, jangwa likipita kama ukuta mmoja mrefu wa udongo, ndipo nilipomtumia Wakesho ujumbe kwamba naja, na kwamba basi litanishusha Kandara, mtaa wa wageni mjini Jeddah. Hakujibu. Adhuhuri, hajajibu. Alasiri, tukiteremka milima kuelekea Makka na joto la bahari likianza kuingia madirishani, hajajibu. Nikaanza kuamini kama zamani pale mtoni: nimepita kando.

Basi lilitushusha Kandara jua likiwa limetua, maduka yakifunguliwa baada ya sala. Mtaa umejaa watu, Waswahili, Wasomali, Wayemeni, harufu ya mkaa na ubani, majengo ya zamani yenye nguo kwenye kila dirisha. Simu ikaita, namba siijui.

"Mwandoe? Musyoka hapa. Simu ya sista ilikuwa kwa madam, anaitumia kuchezesha mtoto, ndio maana; ameipata saa hii, nikatoa namba yako hapo. Sikia bro, madam ako kwa fundi wa nguo hapo Kandara, ndani ya duka. Sisi tuko kwa gari. Uko wapi?"

"Kituoni. Kando ya duka la simu."

"Baki hapo. Usisonge hata kidogo."

Gari jeupe likaja polepole, likasimama ng'ambo ya barabara. Mbele ya duka la simu tulikuwa wanaume kumi, mabegi miguuni. Kioo cha nyuma kikashuka. Nikauona uso wake. Umekonda, na paji lake limekuwa la mama kabisa. Akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu, akainua mikono miwili na kumpungia kwa nguvu zote kijana mmoja Msudani aliyekuwa akila sambusa.

Msudani akapunga na sambusa yake.

Nikalinyakua begi langu. Nikavuka barabara, magari yakinipigia honi, na nilichoweza kusema ni hiki: "Dada, niutoe mguu?"

Mikono yake ikabaki hewani. Akanigeukia. Nyuma yake watoto wawili wa Kiarabu walikuwa wakinikodolea macho, na Musyoka ameinamia usukani kana kwamba anatafuta kitu. Hakushuka, hakuwa na ruhusa ya kushuka. Alitoa mkono dirishani, nami nikauwahi, na tukashikana vidole hivyo hivyo, vidole vyake vigumu kwa sabuni, vyangu vigumu kwa saruji.

"Toa," akasema. "Toa sasa, mdogo wangu." Kisha, baada ya kujifuta: "Mbona hukunenepa? Kule Riyadh ulikuwa umenenepa."

Tulipata muda wa fundi kupima nguo moja. Duka lake lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na madam alipotoka alinitazama, akamwuliza Wakesho kitu kwa Kiarabu, akajibiwa. Akaingia garini, lakini hakusema twende. Akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, akatafuta, akatafuta. Namshukuru hadi leo.

Musyoka aliniachia jina la jengo. Ghorofa ya tatu, Wakenya saba katika vyumba viwili, wakanikaribisha kwa chai ya maziwa na kunionyesha godoro chini ya dirisha. Mmoja aliniletea beseni la maji bila kuuliza, maana miguu yangu ilikuwa na vumbi la nchi nzima.

Nikaketi pale, miguu ndani ya beseni, nikianza kuwaza mambo ambayo hadi leo nayawaza. Leo naambiwa ile stesheni inafanya kazi, watu wanateremka kwa ngazi za umeme, wameinamia simu, na hakuna hata mmoja anayejiuliza kilichotangulia ni paa au shimo. Nyumbani treni mpya inapita juu ya tuta kwa kasi, haimhitaji mzee wa kitanzi. Stesheni yetu imebaki na mbuzi, na sasa wamepanda cheo, wanalala madaraja yote matatu. Watoto wetu wanaonana na watu wa ulimwengu mzima kwenye kioo, uso kwa uso, saa yoyote. Sisi tulikuwa na rundo la mchanga katikati, na mkono uliozama gizani, na tulijua kwa hakika kwamba kuna mtu upande wa pili anachimba kuja. Ujuzi ule sijui mtoto wa leo ataupata wapi.

Lakini usiku ule nilikuwa bado nimeketi, maji yamepoa, simu ilipolia. Ujumbe wa sauti, mfupi, wa kunong'ona, nyuma yake pasi ikitoa mvuke.

"Mwandoe. Umeosha miguu?"